Kumbukumbu ya Bakili, Muislamu wa Dukani

Ni mwaka sasa, Baba Karimu, tangu asubuhi ile ya ukungu ulipotuacha hapa Mbinga, na mimi mkeo Biubwa bado nalala upande wangu wa kitanda. Upande wako naupapasa tu, nauacha ulivyo.

Ukungu unakuja vilevile. Unashuka milimani, unakaa juu ya mikahawa ya jirani, kisha unaingia barazani kama mgeni asiyepiga hodi. Ndani yake nakuona. Nakuona kama mtu anavyoiona milima ya ng'ambo ya ziwa: ipo, haipo, ipo tena. Umevaa koti lako la kijivu lililotoka kifungo cha katikati, unafungua mlango wa duka ubao mmoja mmoja, na kila ubao unausomea "Bismillahi". Nikikuita, ukungu unaondoka. Jua linatoka, na anayefungua duka ni Abdulkarimu, mtoto wetu.

Mizani yako ipo. Ulikuwa ukipima sukari, mizani ikishatulia sawa, unaongeza kijiko. Nikikuambia, "Baba Karimu, mizani imeshasema," unanijibu, "Imesema yake, na mimi niseme yangu." Malori ya makaa ya mawe ya kule Ngaka yakipita na kutuachia vumbi lao jeusi, ulifuta kwanza benchi la wateja, bidhaa baadaye. Na ulipofuta ulikuwa unaimba kwa pua, wimbo usio na maneno. Mpaka leo sijui ulikuwa wimbo gani.

Jirani yetu Mama Restituta alipofiwa na mumewe, ulikaa nje ya kanisa juu ya tofali misa nzima, ukingoja atoke umpe mkono. Wazee wenzako wa msikitini wakakuuliza, "Bakili, kule unafuata nini?" Ukasema, "Namfuata jirani." Ukawaaga, ukaenda kufukia kaburi pamoja na wanawe.

Wengi watakaosoma hapa hawajui ulikotoka. Ulizaliwa Kihagara, kando ya Ziwa Nyasa, katika nyumba ya Waanglikana, na mama yako, Bibi Eliza, alikubatizisha kwa jina la Erasmo. Ukapanda huku Mbinga ukiwa kijana, ukabeba magunia katika duka la marehemu baba yangu, mtu wa Kilwa. Hapo ndipo uliposilimu ukaitwa Bakili. Muda si muda ukaniposa mimi, na maneno yakaanza.

"Huyo ni Muislamu wa dukani," watu walisema. "Ameiona sukari, akamwona na anayeipima!"

Hafidha, binti yetu, ndiye aliyetaka jina hilo liandikwe juu ya tangazo hili. Anasema ungecheka. Nami najua ungecheka.

Lakini baba yangu hakucheka. Aliingiwa na shaka. Biashara nayo ilikuwa mbaya mwaka ule, akafunga duka, akaturudisha sote Kilwa, na wewe akakwambia, "Posa hakuna, kijana, nenda kwenu." Ukarudi Kihagara ukawa unavua na kuanika usipa, wale dagaa wetu wa ziwani. Kijiji kizima hapakuwa na Muislamu mwingine.

Mwaka uliofuata baba alirudi kufungua duka. Akakukuta umesimama mlangoni na kofia yako kichwani, unangoja magunia. Alikutazama sana, kisha akatuozesha. Ila mwaka ule wa kati hakuna aliyeujua. Nilikuuliza nikiwa bi harusi, "Nilipokuwa Kilwa, ulikuwa unaswali kweli?" Ukacheka, "Muulize Aliyekuwa ananitazama." Nikakuuliza nikiwa mama wa watoto wawili, ukacheka vilevile. Nikaacha. Maji ya mtungi ukiyaharakisha hayatulii. Basi tukazeeka hivyo, na mwaka ule uko katikati yetu kama chumba kilichofungwa, tunapita mlangoni tu na shughuli zetu.

Siku ya msiba wako chumba hicho kikafunguliwa.

Ulikuwa umekwisha koshwa na kuvikwa sanda. Mimi nilikuwa ndani na wanawake, kwenye mkeka chini ya dirisha, na wanaume wako nje kwenye turubai. Likaja gari la mizigo kutoka ziwani. Alikuja Rodrick, mtoto wa mdogo wako, na wifi yangu Rosina, dada yako, ambaye aliingia ndani akaja kukaa ubavuni kwangu. Ndani ya gari kulikuwa na sanduku la mbao mpya lenye msalaba juu yake. Nilisikia harufu ya mbao kabla sijaliona.

"Tumekuja kumchukua baba mkubwa," Rodrick alisema.

Abdulkarimu akauliza, "Kumchukua kwenda wapi, kaka?"

"Kwao. Alale pembeni ya mama yake, kanisani. Tusidanganyane, Karimu. Baba mkubwa aliitwa Erasmo. Uislamu wake ulikuwa wa dukani, alifuata mke. Mke alimpata, watoto amewapata. Sasa tumrudishe kwa mama yake."

Sheikh akaniita kwa upole kupitia dirishani, "Bibi Biubwa, wewe unasemaje?" Ningesema nini, Baba Karimu? Miaka yote tuliyokaa pamoja ningeiapia. Mwaka ule, je? Sikuwepo. Nikaona wanakubeba, wanakupeleka chini ziwani kwa jina nisilowahi kukuita, na mimi sina hata neno moja la kukuzuilia.

Ndipo Rosina alipoinuka. Aliinuka polepole kwa sababu ya goti lake, akasogeza pazia.

"Wewe Rodrick, ulizaliwa lini?"

"Shangazi, mambo haya ya wanaume..."

"Nakuuliza ulizaliwa lini! Ninayotaka kusema yalitokea baba yako mwenyewe akichunga mbuzi bila kaptula."

Watu wakacheka, msibani. Rosina hakucheka.

"Kaka alirudi kwetu kutoka Mbinga, mwezi wa mfungo ukamkuta. Mama akadhani ni kama Kwaresima yetu, mtu anaacha kitoweo basi. Kila mchana, jua likichoma, anampelekea kikombe cha maji kule anakoanika usipa. 'Kunywa, Erasmo. Maji siyo nyama.' Naye anapokea kwa mikono miwili, 'Ahsante mama.' Mama akigeuka tu, anayamwaga kwenye shina la mgomba. Nilikuwa nimejibanza nyuma ya jiko, namwona. Midomo imempasuka. Sheikh hayupo. Baba mkwe hayupo. Huyu Biubwa yuko Kilwa, hatujui hata kama kaolewa. Nikamwambia, 'Kaka, si umwambie mama hutaki?' Akanijibu, 'Ametembea juani na kikombe chake. Nimrudishe nacho kimejaa?'"

Akavuta pumzi.

"Mama alijua siku alipokanyaga tope pale mgombani na mvua haijanyesha. Hakumwuliza kitu. Tangu siku hiyo akawa yeye ndiye anayemwamsha ale daku. Anampikia uji, akishanywa, kila mmoja anasali sala zake, huyu huku, huyu kule. Leo wewe unataka kumrudisha kwa mama yake. Mama yake alishamruhusu, Rodrick. Wewe ni nani?"

"Shangazi," Rodrick alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "mbona hukusema siku zote hizi?"

"Nani aliniuliza? Na yeye mwenyewe alinikataza. Alisema kufunga kukisimuliwa kunakuwa kama samaki wa juzi."

Hapo nikalia, Baba Karimu. Nilikuwa bado sijalia. Nililia mpaka Mama Restituta akaniletea kanga nyingine.

Yaliyofuata aliniambia Abdulkarimu, maana sisi wanawake hatukwenda kaburini. Rodrick alikaa muda kando ya lile sanduku, amelishika kama mtu anayeshika mtumbwi usichukuliwe na mawimbi. Kisha akauliza, "Kaka, kwenye makaburi yenu mnatumia mbao?"

"Tunatumia. Tunamfunikia marehemu kwenye mwanandani, udongo usimwangukie."

"Basi nipe nyundo."

Kwanza alibandua msalaba, akaufunga ndani ya koti lake, akauweka kwenye kiti cha mbele cha gari. Halafu akang'oa misumari yote, na mbao akazibeba begani yeye mwenyewe mpaka makaburini. Ukalazwa ubavu wa kulia, uso ukielekea kibla, na juu yako zikapangwa mbao za Kihagara, moja baada ya nyingine. Sheikh akasoma. Rodrick alibaki wa mwisho na koleo, akawa analainisha udongo kwa mgongo wa koleo hilo, taratibu, kama anayempigapiga mtoto mgongoni alale.

Mimi niliishia darasa la nne, na chuoni niliishia juzuu chache. Muislamu wa kweli ni yupi, wenye elimu watasema. Mimi nasema tu kwamba nilikaa naye nyumba moja, nikampikia, nikamfulia kofia, na sehemu yake nzuri kuliko zote nikaisikia yeye akiwa ameshafunikwa sanda.

Sasa mwaka ule nauota. Naota niko Kihagara, mahali ambapo sikuwepo. Ziwa limetulia, kelele hakuna, usipa umetandazwa juani unameta kama vipande vya kioo. Uko kijana, umeinama, unageuza samaki kwa kiganja, na unaimba ule wimbo kwa pua. Nakuja kukaa karibu yako. Hunioni, na sikuulizi kitu. Nakutazama tu mpaka jua linazama na wewe unanawa, unafuturu. Nikiamka nakuta shibe, kama nami nimekula.

Kwa wote waliotufaa, Mungu awalipe. Dua itasomwa hapa nyumbani Mbinga baada ya swala ya Ijumaa. Rodrick ameshapiga simu, wanapanda na usipa wa kuliwa na wote.

Unakumbukwa na mkeo Biubwa. Wanao Abdulkarimu na Hafidha. Wajukuu zako wote. Dada yako Rosina. Rodrick, mtoto wa mdogo wako, na ukoo mzima wa marehemu Bibi Eliza wa Kihagara. Pamoja na jirani yako Mama Restituta, ambaye ameomba naye aandikwe.

Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Pumzika, Baba Karimu. Siku zote tulizobakiziwa, daima, tutakuwa tunakukumbuka.