Betri Isiyo na Moto

Muji wa Baraka, Jumanne

Kidole tu, asante Mungu. Tangu mama mumoja wa Kigoma aniandikie asubuhi kama betri imemuchoma, mi nilikuwa nawaza macho yake.

Ni ile video yangu ku mutandao, yenye naonyesha namna ya kutengeneza taa na betri ya telefone ya zamani. Nilisema wazi: "Mbele ya kuunga nyaya, hakikisha betri haina moto." Hapa kwetu bamama bote bananielewa. Telefone ikiisha moto, si tunaipeleka ku chaji?

Yeye, kule ngambo ya ziwa, alichukua betri akaiweka ku shavu. Ilikuwa baridi. Akaanza kuunga, nyaya zikagusana, cheche zikamurukia.

"Dada, ulisema isiwe na moto," akaniandikia. "Mbona ilikuwa baridi kabisa?"

Nilikasirika kwanza. Muntu mukubwa anapima betri kama mutoto mwenye homa! Kisha nikasikiliza video tena, nikijifanya muntu wa Kigoma, na... ndiyo. Ni mi nilimuambia apime joto.

Nimeifuta. Nimerekodi ingine: "Hakikisha betri imeisha chaji." Lakini nawaza bale bengine, benye baliungua na habakuniandikia.

Jioni akanitumia picha. Taa yake inawaka, na pembeni kile kidole kimefungwa kitambaa. Chini ameandika: "Sasa ina moto, dada. Huo wenu."