Benchi la Shangazi Limejaa Tena

Mama yangu, shikamoo.

Joto la huku linapika mtu bila kuni, lakini mie mzima. Kipindupindu kimetulia na marufuku ya kuuza chakula barabarani imeondolewa, kwa hiyo leo Shangazi karudi na masufuria yake hapa Manzese. Wali na maharage vilinukia hadi gereji ya jirani, lakini mafundi walisimama mbali wakitazama tu, kila mmoja anamsubiri mwenzake afe kwanza.

Mara akatokea bwana afya, yule yule aliyemmwagia Shangazi maharage yake mtaroni wakati wa marufuku. Akafunua masufuria, akachungulia ndoo ya maji, kisha akavuta benchi akakaa.

"Nitilie, mama."

Shangazi akashika kiuno. "Hujanawa, baba. Sabuni ile pale."

Mama, bwana afya aliinuka akanawa mpaka viwiko! Mafundi walicheka hadi woga ukawatoka, wakaja mbio kugombea nafasi. Adhuhuri haijapita, masufuria meupe.

Najua ulinikanya nisile chochote cha barabarani. Nisamehe, ukoko wote nimekwangua mie.

Wifi yako anakukumbuka sana. Anasema uje ule, ila na wewe utanawa.

Mwanao akupendaye,
Zaituni