Kitu Kinachoogelea Kwenye Maji ya Maduhu

Jumatatu, 3 Machi 2025
Nimemficha binti yangu Jenifer jambo, na sitaki kufa nalo. Jicho la kushoto halioni kabisa. La kulia linafuata. Akijua ataifungia hadubini kabatini, nami bila hadubini ni mzee wa kuhesabiwa vidonge tu.

Leo Maduhu kaleta maji ya lambo kwenye chupa ya soda. Ng'ombe wake watatu wamekufa. Akanisalimu Kisukuma: “Mwadila, Mwalimu! Wewe ndiye uliyetufundisha wadudu wa majini. Hebu tazama humu.”

Nikatazama. Paramesia wapo – wale wenye umbo la kandambili, vinyweleo vinapiga kasia pembeni. Hao hawaui ng'ombe. Halafu kikapita kingine. Kirefu, kama uzi uliojikunja. Sikijui! Nikamwambia hivyo hivyo: kuna kitu humu sikijui.

Akaondoka haraka mno. Hata chai hakunywa.

Jumatano ya Majivu, 5 Machi
Nimepekua kitabu cha michoro kwa lenzi ya mkononi. Stentori? Hapana, huyo ni kama tarumbeta. Vortisela ana kikonyo. Hiki hakina mdomo. Vinyweleo – sina hakika. Nikikifuata kinakimbia. Nikitulia, kinashuka taratibu.

Jenifer karudi kanisani na majivu usoni. Anasema watu wanasema Mwalimu kaona kitu kilichowekwa majini. Kuwekwa? Nani kasema kuwekwa? Nilisema sikijui! Maduhu anamtaja Kabula, yule mjane wa kando ya lambo. Ati macho yake mekundu, ya mchawi. Ni moshi wa jikoni, kama ya mama yangu.

Ijumaa, 7 Machi
Nimechanganyikiwa. Nimepima maji ya majaruba ya mpunga ya Mkula – kimo. Maji ya mvua – kimo. Maji ya kunywa, yaliyochemshwa – kimo! Mdudu gani huyu? Nikafuta lenzi. Bado.

Jenifer kaita: “Baba, ugali unapoa! Waache wadudu nao wale.” Sikucheka.

Jumamosi, 8 Machi
Asubuhi nimeweka kioo kikavu, bila tone. Kimo. Nikatoka nje, nikainua uso. Kinaogelea mawinguni.

Nilikuwa bado nimesimama pale walipoingia. Maduhu na wanaume sita, Kabula katikati, peku, khanga imechanika begani. Bado wako uani. Naandika upesi.

Maduhu alisema, “Mwalimu, waambie ulichoniambia.”

Kabula akanitazama. “Mwalimu, mimi nachota pale pale. Wajukuu wangu wanakunywa pale pale. Umeona nini?”

Nikasema hakuna kitu majini. Kitu kimo jichoni mwangu. Sioni.

Nilidhani yameisha. Maduhu akashika kichwa. “Basi kakufunga na wewe macho!” Wote wakamgeukia Kabula. Mmoja akaokota fimbo.

Jenifer alikuwa mlangoni na mwiko mkononi. Ilibidi nipaze sauti, naye asikie: ni sukari, ndiyo inayoniharibu macho. Daktari aliniambia mwaka juzi, nikanyamaza. Hakuna aliyenifunga. Maduhu, siku ile nainamia maji yako, nilijua kwamba sioni.