Mafuta ya Miguu ya Mama

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi, nikitumaini u mzima na kazi inakwenda. Sisi hatujambo, ila ngozi ya miguu ya Mama ilikauka mpaka ikapasuka, akawa anajikuna kutwa. Basi nikajitia ufundi wa yale mafuta yako ya mwarobaini.

Nilikumbuka karibu yote: majani makavu kwenye chupa, mafuta ya alizeti yayafunike, chupa ikae dirishani wiki tatu, kisha nichuje kwa kitambaa. Mama akapakwa asubuhi na jioni, nyufa zikaanza kufunga. Usinicheke, hata mimi nilishangaa!

Chupa ya pili nikaifanyia pupa, si unanijua. Majani yalikuwa yamenyauka tu, nikayatumbukiza hivyo hivyo. Mwezi uliopita nafungua kifuniko mbele ya Mama, lahaula! Ukungu umetanda juu na harufu haivumiliki.

Sasa nitoboe, maana jambo hili limenikaa kooni. Tangu mgombane ukaondoka, Mama alinikataza kukutaja. Na dawa yangu aliikataa, akisema mimi na haraka zangu nitambabua ngozi. Nikamdanganya kwamba mafuta umeyatuma wewe. Hapo akanyoosha miguu. Ikawa kila nikimpaka anauliza kama umesema lolote, nami namtungia salamu. Mungu anisamehe, nilizitunga tamu kwelikweli.

Alipouona ule ukungu akaniambia nikae. Akasema wewe hujawahi kutia majani kwenye mafuta kabla hayajavunjika mkononi kwa ukavu, hata uwe na haraka gani. Akauliza kama na salamu zilikuwa zangu. Nilitamani ardhi inimeze. Nikakubali, nikamwomba radhi, nikisubiri anigombeze. Wapi! Alilia, Dada, alilia kwa sauti, akisema kumbe miezi yote hii hukumkumbuka hata kwa neno moja.

Nimetengeneza mengine, majani safari hii yamekauka vizuri. Hataki. Miguu ameifunika shuka, na nyufa zinarudi. Naona uchungu, na kosa ni langu.

Mwandikie, nakuomba. Hata mstari mmoja, hata kama bado una hasira. Nitamsomea kama ulivyoandika, sitaongeza neno.

Shemeji na watoto wape salamu zangu, na hizi ni za kweli.

Ni mimi mdogo wako,
Kiherehere