Usilipe Muhula Ujao

Bweni la Wasichana,
Kumasi,
Juni 14, 2019

Mpendwa Mjomba Ampofo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama huko Bremen, wewe na mgongo wako. Mama ameniambia umeanza tena kukusumbua kwa kubeba makasha, na kwamba ulimkataza asiniambie. Usimgombeze. Sisi huku ni wazima, ila mimi sijatulia. Nimeandika mistari hii nikasimama, nikafungua dirisha, nikalifunga, nikarudi.

Utajiuliza kwa nini barua na simu ipo. Kwenye simu huwa unanikatiza.

Siku ya mazishi ya mama yenu, Nana Birago, ulituona kwenye simu mpaka jeneza lilipoanza kushushwa, kisha chaji ikaisha. Mdogo wangu Kwaku, aliyeishika ile simu, hajajisamehe hadi leo. Kiti chako cha mtoto mkubwa kilikaa kitupu mbele ya waombolezaji. Kila aliyepita kutoa pole alikitazama. Mimi nilijua nauli yako imeingia kwenye ada yangu, na niliona aibu, Mjomba.

Sasa sikiliza jambo ambalo sikukuambia. Sote nyumbani tulidhani ufadhili hutolewa kabla mtu hajaingia chuoni, na ukishaingia umejifungia mlango mwenyewe. Kumbe kuna ufadhili wa wanafunzi walio ndani tayari, kwa wenye alama za juu. Tangazo limekuwa ubaoni tangu mwaka wangu wa kwanza, chini ya matangazo ya mashindano ya kwaya. Nilipita hapo kila siku nikienda kula. Basi niliomba, nikaitwa kuhojiwa, na siku yenyewe ikawa Jumamosi ileile ya mazishi.

Nilitoka makaburini Mampong nikaingia garini kuja chuoni na nguo zangu za msiba, nyeusi na kitambaa chekundu kichwani. Nilipofungua mlango, jopo zima likasimama. Wakapanga mstari kunipa mkono mmoja mmoja, na mzee mmoja akaanza kupapasa mfuko akitafuta rambirambi. Ungekuwepo ungecheka.

“Pole sana, binti. Umefiwa na nani?” akauliza Profesa Domfeh, mama aliyekuwa mwenyekiti.

“Na bibi yangu, mzaa mama.”

“Leo? Na umekuja huku? Rudi kwa wenzako. Mfiwa hatumuulizi maswali sisi.”

Walikuwa wananihurumia, na huruma yao ilikuwa inanitoa nje. Nikakaa kitini bila kukaribishwa.

“Mama, nikirudi bila kuulizwa, huko msibani nitawaambia nini? Niulizeni tu.”

Wakaniuliza. Nilijibu vizuri, nadhani. Mwishoni yule mzee akataka kujua nani ananilipia. Ufadhili huu hautazami shida, unatazama alama, na ningeweza kusema “familia” nikanyamaza. Lakini nilisema: ni mjomba wangu, na leo mama yake amezikwa yeye hayupo. Kisha nikalia. Tangu hapo silali vizuri. Sijui waliona mwanafunzi bora au ombaomba mwenye kitambaa chekundu.

Nimeacha kalamu kidogo. Serwaa, ninayelala naye chumba kimoja, amerudi mbio kutoka kwenye ubao. Majina yametoka.

“Afua, inuka twende.”

“Usiniambie.”

“We mtu una wazimu? Wiki nzima unanizungushia chumba kama kuku anayetafuta pa kutagia, leo hutaki kusikia?”

“Nimalize barua kwanza.”

Amekaa kitandani kwake amejifunika uso kwa mto ili nisimsome. Mguu wake unacheza. Sijui ni furaha au ananisikitikia.

Namaliza kabla sijajua, Mjomba, ili usije ukasema nilijikaza kwa sababu nilishapata. Usilipe muhula ujao. Kata tiketi. Kumbukumbu ya mwaka ya Nana inakuja, na kile kiti nimekiomba kwa wazee kisikaliwe na mtu. Nikikosa, nitasimamisha masomo nifundishe watoto Mampong mpaka nipate njia. Chuo kitanisubiri.

Mama na Kwaku wanakusalimu sana. Mungu akulindie mgongo na akufungulie safari.

Mpwa wako akupendaye, anayevaa viatu sasa kwenda ubaoni,

Afua Konadu