Mawese Chini ya Plastiki

Shemeji yangu Domisiani,

Barua hii ningeweza kumpa mtu anayevuka kwenda Burundi akufikishie mkononi. Nimeileta gazetini makusudi. Nilikukosea mbele ya watu, kwa sauti ya juu, na sitakuomba radhi kwa kunong'ona. Wanaoniambia mambo ya familia yabaki ndani ya familia, wafunge gazeti wakalale.

Unakikumbuka kibanda chako pale Rusimbi, Kigoma mjini, kando ya kijiwe cha bodaboda. Ulikuwa na kibali cha kutoka kambi ya wakimbizi kufanya kazi mjini, ulikuwa umemuoa mdogo wangu Roza, na ulikuwa na ujuzi ambao hapa hakuna aliyekuwa nao: kubandika plastiki isiyo na rangi juu ya tangi la pikipiki, ili rangi isichunwe na zipu za makoti, mikungu ya ndizi wala kokoto za barabara ya Kasulu.

Nilipenda kukutazama. Uliosha tangi kwa sabuni, ukalikausha, ukanyunyiza maji yenye tone la shampuu ili plastiki iteleze mpaka ikae mahali pake. Kisha ulichukua kipande cha kandambili ulichokivika kitambaa, ukasukuma maji kutoka katikati kwenda pembeni, polepole, bila kuacha hata kipovu. Kwenye kona uliazima mashine ya kukaushia nywele kutoka saluni ya jirani, na akina mama waliobaki na vichwa vibichi wakakupigia kelele.

"Domisiani, rudisha upepo wetu! Pikipiki haiendi harusini!"

"Sasa nyie mtaendaje huko? Kwa miguu?"

Kila mteja ulimwambia neno lile lile: alete pikipiki kama ilivyo, asipake kitu. Ulikuwa umetujua. Sisi watu wa Kigoma, kitu chochote kikipauka tunakipaka mawese: miguu, viatu, mlango, hata tangi la pikipiki. Kinang'aa, tunaridhika. Lakini juu ya mafuta gundi ya plastiki yako haikushika.

Asubuhi niliyoleta pikipiki yangu, ilikuwa imejaa vumbi la Kidahwe, nilikokuwa nafundisha. Niliona aibu vijana wa kijiwe waione hivyo, mwalimu mzima. Nikachovya kitambaa kwenye mawese, nikalisugua tangi mpaka nikauona uso wangu humo.

"Mwakeye, shemeji," ulinisalimu kwa Kiha chetu. "Hujapaka kitu?"

"Nipake nini? Unanionaje wewe?"

Uliliosha, lakini mafuta yalikuwa yameshajificha chini ya nembo na kwenye maungio. Wiki ya pili kona zikaanza kufunguka na vumbi jekundu likaingia. Nami nikaja kijiweni moto.

"Hii ndiyo kazi yenu?" nilikuuliza mbele ya madereva wote. "Mnavuka mpaka mje kutubandikia nailoni za madaftari?"

Nilisema "yenu". Nilisema "mnavuka". Mimi, ambaye bibi yangu alizaliwa ng'ambo ile ile, kama bibi za nusu ya watu waliokuwa wakinisikiliza na kucheka.

Ulishika kona ya plastiki, ukaivuta kidogo, ukanusa kidole. Halafu ukanitazama. Ulijua, Domisiani. Ungesema "mawese" tu, na kijiwe kizima kingenicheka mpaka jioni. Badala yake ulisema, "Nitakubandikia nyingine, shemeji. Bure."

Miaka mingi nilijiambia kwamba ulinyamaza kwa heshima. Lilikuwa jibu zuri kwangu, lilinifanya nionekane mtu wa kuheshimiwa. Ukweli ni kwamba mkimbizi akibishana na mwenyeji hadharani, hakuna anayeuliza nani mkweli. Wanauliza kibali kiko wapi. Wewe ulikuwa na mke, mtoto na karatasi moja yenye mhuri, na ulipima ukaona ukweli utakugharimu kuliko uongo wangu.

Uongo wangu ukakugharimu vilevile. Wateja walianza kupita mbele ya kibanda bila kusimama. Kazi ilipokufa, kibali hakikuwa na sababu tena. Ukarudi kambini, na siku mabasi ya kurudi Burundi yalipoondoka, wewe na Roza mlikuwa ndani. Mkaniachia binti yenu Yustina amalize shule. Hata siku hiyo ulinishika mkono kwa mikono yako miwili. Nami, ninayeandika kila wiki kuwasema wakubwa wanaokataa makosa yao, sikufungua mdomo.

Sasa sikiliza kilichonifungua. Yustina, uliyemfundisha kazi kila likizo alipovuka kuja kwenu, aliomba nafasi pale pale kijiweni. Mwenyekiti wa kijiwe akamkatalia. "Plastiki za wakimbizi zinafunguka, binti. Muulize mama yako mkubwa, yeye ndiye aliyetwambia."

Mtoto akarudi nyumbani, akaniuliza. Nikamwambia kila kitu. Hakulia. Alisema, "Basi kesho twende ukawaambie na wao," akaenda kuosha vyombo.

Nilienda. Nilipanda juu ya benchi lao, kwa sababu nilikutukana nikiwa nimesimama wima na sikutaka kusahihisha nimekaa. Nikasema: nilipaka mawese, niliulizwa nikakana, fundi alijua akanisitiri. Kazi yake haikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa mimi.

Walicheka, kama nilivyotarajia. Dereva mmoja akapiga kelele, "Mwalimu, kumbe ulitaka kulikaanga tangi!" Lakini mwenyekiti hakucheka.

"Ulikuwa wapi miaka yote hii?"

Nikasema, "Nilikuwa hapa hapa."

Akafikiri, kisha akasema binti akae mwezi mmoja wa majaribio. Yustina akamjibu mbele ya wote, "Sijaribiwi, mzee wangu. Anayetaka alete pikipiki. Asiyetaka aendelee kukwaruzwa." Kelele zikalipuka. Mwenyekiti alikuna kidevu, akasukuma pikipiki yake mwenyewe mpaka mbele ya binti.

Wapo wanaosema nimejidhalilisha, na kwamba wakati huu, watu wanavyowasema vibaya Warundi, si wakati wa kusema. Nawajibu hapa hapa: ni wakati huu hasa. Nilipokuwa nadanganya hakuna aliyeniambia nisubiri.

Jana Yustina alikuwa anachora kibao chake. Aliandika jina lake, akaandika "binti Domisiani", kisha chini yake, kwa herufi kubwa kuliko zote, "FUNDI MRUNDI". Shemeji, mdomo huu wote nilio nao, nilishtuka. Nikamwambia neno hilo la mwisho alifute, litafukuza wateja.

Hakuinua hata kichwa. "Mama mkubwa, kama unaogopa, nenda nyumbani. Mimi namalizia."

Nilibaki. Nilimshikia kopo la rangi.

Mpe Roza salamu zangu, na umsomee yote bila kuruka mstari.

Mimi shemeji yako,
dada yake Roza, Ujiji