King'ora Alichokisikia Fundi Viatu

Nyumba ya kona,
Mkabala na kibanda cha fundi viatu,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo? Kifua kinaendeleaje na baridi ya huko? Mkeo na mapacha hawajambo? Sisi huku wazima, na Baba naye mzima, na neno hilo leo naliandika huku machozi yananitoka. Usishtuke, soma taratibu.

Nianze na vile vifaa vya king'ora ulivyotutumia. Fundi umeme alivifunga vyote, akatueleza kimoja kimoja. Cha mlangoni kina vipande viwili: kimoja kwenye fremu, na kingine, ambacho ni sumaku, kwenye mlango wenyewe. Vikiachana tu, king'ora kinalia. Cha sebuleni kinahisi joto la mtu akipita, na cha kwenye dari kinanusa moshi. Baba alipewa kitufe cha kuvaa shingoni, akiminye akipatwa na jambo. Siku ya kwanza alikiminya kuitisha chai.

Sasa nicheke mimi. Unanijua nikishona, pini zinamwagika kila mahali. Kuona sumaku nzuri vile imekaa mlangoni bila kazi, nikaibandua niokotee pini! Majirani walijaa uani. Fundi viatu alifika na nyundo mkononi, akanikuta nimepiga magoti, king'ora kinapasua masikio.

"Dada, siku nyingine kilie mpaka kikauke, mimi sitii mguu hapa!" akasema.

Jumanne mchana nilitoka kupeleka sare za shule. Mlango nimeurudishia tu, Baba kalala chumbani kwake, na pasi, mdogo wangu, nimeiacha juu ya kitambaa ikiwaka. Cha moshi kikaanza kulia. Unayajua masikio ya Baba, hakusikia kitu.

Fundi viatu alisikia. Alikuja mbio, na mwenyewe ameniambia wazi, alikuja kunigombeza. Maneno yote alishayapanga. Kusukuma mlango, moshi! Akambeba Baba mgongoni, akamketisha kibarazani, ndipo akarudi kuchomoa pasi. Meza imeungua, pazia limeteketea, Baba hana hata jeraha. Nimemshukuru fundi mpaka ameona haya, sasa ananikwepa.

Shangazi anakusalimu sana, na Baba anakuombea kila siku. Nisalimie mkeo, nibusie mapacha. Mungu akuzidishie afya na akulinde huko uliko.

Nilitaka kuishia hapo, lakini nina deni la maneno. Ulipotuma vile vifaa niliwaambia ndugu zetu kwamba umetuma makelele badala ya kuja kumwona baba yako. Najua yalikufikia. Hata hivyo uliendelea kupiga simu kila Ijumaa kuniuliza kama betri bado zina nguvu. Nilikosea, mdogo wangu, nisamehe. Jumanne ile mimi sikuwepo nyumbani. Wewe ulikuwepo.

Dada yako mkubwa akupendaye.